Kisanduku cha Kurekodi Nyimbo za Kikundi: Namna ya Kukichagua na Kukiunganisha na Kompyuta



Kuna swali ambalo vikundi vya uimbaji vinatuuliza kila tunapokutana. Je, kikundi kinaweza kurekodi nyimbo zake hapa hapa kijijini, kwa kompyuta yake, bila kukodi studio ya mjini? Jibu letu ni ndiyo, kinaweza. Lakini kabla mweka hazina hajatoa hata shilingi, inafaa kila mwanachama aelewe ni kitu gani kinanunuliwa na kinafanya kazi gani. Si ajabu kukuta kikundi kimechanga mwaka mzima, kikanunua maikrofoni ya bei kubwa, halafu ikakataa kufanya kazi na vyombo walivyo navyo. Maiki inakaa kabatini na wanachama hawasemezani.

Studio ina faida zake, hatukatai. Kuna fundi aliyezoea na kuna chumba kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Shida ni mbili. Ya kwanza ni saa. Studio huhesabu muda, na akina mama waliotoka mbali, wamechoka na matatu, wanaimba huku wakiangalia saa ukutani. Ya pili ndiyo kubwa. Mkimaliza mnapewa wimbo uliokamilika kwenye flashi, lakini zile sauti zenyewe, kila moja peke yake, mara nyingi zinabaki kwenye kompyuta ya mwenye studio. Mkitaka kurekebisha ubeti mmoja mwaka ujao, mnarudi kwake. Akihama, au kompyuta yake ikiibwa, basi.

Jambo hili la nyimbo kukaa mikononi mwa mwingine si geni hapa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alifika Kapkatet na kurekodi nyimbo za Wakipsigis, pamoja na ule unaojulikana kama Chemirocha. Rekodi zikaenda Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Ilipita zaidi ya miaka 60 kabla nakala hazijarudishwa kwa jamii yenyewe. Tracey alifanya kazi ya maana, na huenda bila yeye nyimbo hizo zingepotea kabisa. Lakini siku zile mashine za kurekodi zilihitaji gari lake. Leo zinatoshea kwenye kikapu cha sokoni.

KISANDUKU HIKI NI NINI

Jina lake ni intafesi ya sauti. Madukani wengine huiita saundi kadi ya nje. Ni kisanduku kidogo, kile cha kuanzia hakizidi ukubwa wa mkate mdogo. Mbele kina matundu ya kuingizia waya wa maiki au gitaa, na vitufe vya kuzungusha. Nyuma kina waya mmoja unaoingia kwenye kompyuta kwa tundu la USB, lile lile mnalochomekea flashi. Umeme wake pia hupitia waya huo huo, kwa hivyo vingi havihitaji kuchomekwa ukutani.

Sauti ni hewa inayotikisika. Maiki hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme mdogo sana, sehemu za elfu za volti. Kompyuta nayo haielewi umeme unaopanda na kushuka. Inaelewa hesabu tu. Sasa kisanduku kinasimama katikati kama mkalimani. Kwanza kinaukuza ule umeme mdogo. Kisha kinaupima tena na tena, mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kama namba. Kompyuta inapokea namba hizo na kuziweka kwenye faili. Wakati wa kusikiliza kazi inageuzwa: namba zinarudi kuwa umeme, umeme unaingia kwenye hedifoni, nanyi mnasikia sauti.

Kwa nini 44,100? Sikio la kijana mwenye afya husikia mitikisiko mpaka kama 20,000 kwa sekunde, na ili mtikisiko uandikwe sawasawa ni lazima upimwe zaidi ya mara mbili kila unapotikisika. Namba hiyo ndiyo iliyotumiwa na CD tangu zilipoanza kuuzwa mwaka 1982. Visanduku vingi hufanya pia 48,000, ambayo ndiyo ya kawaida kwa video. Yoyote kati ya hizo mbili inatosha. Muuzaji akiwasifia mashine kwa sababu inafika 192,000, mwacheni aseme. Kwenu itajaza diski bure.

Mtasikia pia habari za biti. Biti 16 ni kama rula yenye mistari 65,536, na biti 24 ni rula yenye urefu ule ule lakini mistari yake inapita milioni 16. Kikundi kichague 24 ikiwa kisanduku kinaweza. Faida yake ni kwamba mnaweza kurekodi kwa sauti ya chini kidogo, bila wasiwasi, halafu mkaiongeza baadaye.

Wengine watauliza, mbona kompyuta ina tundu lake la maiki? Lipo, ni kweli. Lakini limetengenezwa kwa maiki ndogo ya kuzungumzia. Halina nguvu ya kutosha kukuza maiki ya kuimbia, na kwa kuwa limo ndani pamoja na mitambo mingine, huokota kelele zake. Mtasikia mvumo nyuma ya wimbo wote, kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili.

CHA KUNUNUA NA CHA KUACHA

Kisanduku chenye matundu mawili kinatosha kikundi kinachoanza. Lakini tazameni vizuri ni matundu ya nini. Behringer UM2, kwa mfano, ni cha bei nafuu na kimesaidia wengi, ila kina tundu moja tu la maiki. Lile la pili ni la gitaa. Kikundi kinachotaka maiki mbili kwa pamoja kikinunua hicho kitajuta. Scarlett 2i2 ya kampuni ya Focusrite, iliyoanza kuuzwa mwaka 2011, inapokea maiki mbili, na bei yake ni kubwa zaidi. Zipo aina nyingine nyingi. Msiangalie jina kwanza, hesabuni matundu ya pini tatu. Hayo ndiyo ya maiki.

Maiki nazo ni za aina mbili, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Aina ya kwanza huitwa dainamiki. Ndani yake kuna waya uliosokotwa juu ya sumaku, haihitaji umeme wowote kutoka nje, na ni ngumu kama jembe. Ile ya Shure inayoitwa SM58, mliyoiona kwenye majukwaa mengi, ni ya aina hii, na imetengenezwa tangu mwaka 1966. (Bandia zake ni nyingi sokoni. Ukiuziwa kwa robo ya bei, jua umeuziwa bandia.) Aina ya pili ni kondensa. Hii husikia vizuri sana mambo madogo madogo, lakini haifanyi kazi mpaka ipelekewe umeme wa volti 48 kupitia waya wake. Umeme huo hutoka kwenye kisanduku, mkibonyeza swichi iliyoandikwa 48V. Basi, kabla ya kulipia kondensa, tafuteni swichi hiyo kwenye kisanduku. Kama haipo, maiki hiyo si yenu.

Tunapendelea ipi? Kwa mwimbaji mmoja katika nyumba ya kawaida ya kijijini, dainamiki. Kondensa itasikia sauti yake tamu, ndiyo, lakini itasikia pia kuku, mtoto wa jirani na kila bodaboda inayopita. Kwa kwaya nzima iliyosimama pamoja mahali palipo kimya, kondensa moja au mbili zitafanya kazi ambayo dainamiki haiwezi.

Maiki zenye waya wa USB zina kisanduku chao ndani. Zinafaa kwa mahubiri na mafunzo ya mtu mmoja. Kwa kikundi zinabana, kwa sababu kuziunganisha mbili kwa wakati mmoja ni kazi ya kuumiza kichwa.

Nunueni hedifoni zinazofunika sikio lote, si zile za kutumbukiza, na waya mzuri wa pini tatu. Pesa zikiwa chache, punguzeni kwenye kisanduku, msipunguze kwenye waya. Waya mbovu utawasumbua kila siku.

Hesabu si ya kutisha. Kikundi cha watu 20 wakichanga shilingi 100 kila wiki, kwa wiki 13 watakuwa na shilingi 26,000. Ulizeni bei katika maduka matatu, mwandikiwe. Siku ya kununua bebeni kompyuta yenu, hasa ikiwa ni ya mitumba, mkaunganishe mle mle dukani, mwimbe, msikilize. Risiti iandikwe jina la kikundi. Na kabla ya siku hiyo, kikao kijibu maswali haya na katibu aandike: Mashine itakaa nyumbani kwa nani? Ni watu gani wawili watakaojifunza kuiendesha? (Mmoja hatoshi, akiolewa au akipata kazi mjini mashine inalala.) Mtu wa nje akija kurekodi atalipa nini, na pesa hizo zitaandikwa wapi?

CHUMBA KWANZA

Maiki haichagui. Inachukua sauti ya mtu pamoja na sauti inayorudi kutoka ukutani. Chumba kitupu chenye sakafu ya simiti kitafanya wimbo usikike kama umeimbiwa ndani ya tangi. Dawa yake mnayo nyumbani: magodoro yasimamishwe ukutani, blanketi nzito zitundikwe nyuma ya mwimbaji na pembeni, magunia yatandikwe chini. Chumba cha kulala chenye kitanda na nguo nyingi kinashinda sebule. Paa la mabati lina shida yake ya mvua, kwa hivyo pangeni asubuhi katika miezi ya mvua za jioni. Zimeni simu zote, si kuzinyamazisha tu. Simu iliyo karibu na waya inaweza kuingiza milio yake kwenye rekodi.

KUUNGANISHA

Fuateni utaratibu. Washeni kompyuta. Ikiwa ni ya Windows na kisanduku kina draiva yake, yaani programu ndogo inayoifundisha kompyuta kukitambua, iwekeni kwanza. Huchukuliwa bure kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kisanduku. Nendeni na kompyuta mahali penye intaneti mara moja, yatosha. Ndipo mchomeke waya wa USB moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia kigawanyaji cha matundu mengi, maana umeme unaweza kupungua.

Sasa vitufe vyote vya sauti viwe chini kabisa. Chomekeni maiki. Ikiwa ni kondensa, bonyezeni 48V na msubiri sekunde chache. Msichomeke wala kuchomoa maiki wakati 48V imewaka na hedifoni ziko masikioni, mlio wake ni mkali. Gitaa la umeme likichomekwa, tundu lake liwekwe kwenye INST ikiwa kuna swichi hiyo, la sivyo sauti itakuwa nyembamba na dhaifu.

Programu ya kurekodia tunayopendekeza kwa kuanzia ni Audacity. Ni ya bure kabisa na imekuwapo tangu mwaka 2000. Ndani yake mtachagua mambo matatu: njia ya kupitishia sauti (kwenye Windows chagueni WASAPI), kifaa cha kurekodia, na kifaa cha kusikilizia. Viwili vya mwisho vyote viwe jina la kisanduku chenu. Wengi husahau hapa. Maiki imeunganishwa vizuri, taa inawaka, lakini programu bado inarekodi kwa kimaiki kidogo kilicho juu ya kioo cha kompyuta. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kukwaruza maiki kwa kidole. Mkwaruzo usiposikika mkubwa, hamrekodi kwa maiki hiyo.

Kukiwa kimya kabisa, tazameni sehemu ya Windows ya faragha ya maikrofoni. Kama programu hazijaruhusiwa kutumia maiki, kisanduku kitafanya kazi yake na programu itaandika kimya kitupu. Pia hakikisheni kipimo cha 44,100 au 48,000 ni kile kile kwenye Windows na kwenye programu.

KIASI CHA SAUTI

Kama kuna sehemu moja ya kusoma mara mbili, ni hii. Kitufe kilichoandikwa GAIN kinaamua kisanduku kikuze ule umeme wa maiki kwa kiasi gani. Kikiwa chini sana, sauti itafifia na mkiikuza baadaye mtakuza na mvumo wake. Kikiwa juu sana, umeme unazidi kile ambacho kisanduku kinaweza kupima.

Fikirieni mama anayepimia maziwa kwa kikombe. Kikombe kikijaa, kinachozidi kinamwagika, na maji yakimwagika hayazoleki. Kisanduku pia kina mwisho wake, na mwisho huo kwenye programu unaandikwa 0. Sauti zote zinahesabiwa kushuka kutoka hapo: -6, -12, -18, na kuendelea, kwa kipimo kinachoitwa desibeli. Juu ya 0 hakuna kitu. Mwimbaji akipita hapo, vichwa vya mawimbi hukatwa, na sauti inakwaruza kama spika iliyopasuka. Hakuna fundi, wala wa Nairobi wala wa ng'ambo, atakayerudisha kilichokatwa jinsi kilivyokuwa. Na kupunguza sauti kwenye kompyuta hakusaidii kama mkato umetokea ndani ya kisanduku.

Kwa hivyo, mwimbaji asimame mahali pake, kama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki ikiwa anaimba peke yake, na aimbe ule ubeti wenye nguvu kuliko yote. Si kuhesabu "moja, mbili, tatu" kwa sauti ya aibu. Zungusheni GAIN polepole mpaka sauti kubwa kabisa ifike kati ya -12 na -6. Taa ya kisanduku iwe ya kijani. Nyekundu ikimulika hata mara moja, shusheni.

Nyimbo zetu zina hatari yake, nayo ni vigelegele. Kipimo kimewekwa vizuri kwa uimbaji, halafu katikati mama mmoja anafurahi na kupiga kigelegele mbele ya maiki, na wimbo mzima umeharibika. Msimkataze, kigelegele ni sehemu ya wimbo. Apimwe naye pia. Bora zaidi, wapiga vigelegele na ngoma wasimame nyuma, hatua tatu au nne. Kwa kwaya, maiki iinuliwe juu kidogo ya vichwa, mita 1 na nusu hadi 2 mbele ya safu ya kwanza, na nyinyi wenyewe mpange sauti kwa kusogeza watu. Mwenye sauti kubwa arudi nyuma, mwenye sauti ndogo aje mbele. Ndivyo rekodi nyingi za zamani zilivyofanywa, kwa maiki moja.

SAUTI INAYOCHELEWA

Tuseme sasa mmerekodi gitaa, na mwimbaji anavaa hedifoni aimbe juu yake. Anaimba, na anasikia sauti yake mwenyewe ikija nyuma kidogo, kama mwangwi wa bondeni. Anapotea. Anadhani ni kosa lake. Si kosa lake.

Kompyuta haipokei namba moja moja. Inazikusanya kwanza katika fungu linaloitwa bafa, kisha inalibeba fungu zima. Ni kama kuteka maji mtoni. Ukiwa na kopo dogo maji yanafika nyumbani mapema, lakini unakimbia njiani siku nzima, na ukichoka utamwaga. Ukiwa na mtungi mkubwa unakwenda mara chache bila kuchoka, ila walio nyumbani wanangoja. Bafa ya namba 256 inachelewesha sauti karibu milisekunde 6. Ile ya 1,024 inachelewesha kama milisekunde 23. Tena sauti inaingia na kutoka, kwa hivyo zidisha mara mbili, na zaidi kidogo. Milisekunde 46 ni muda ambao sauti hutumia kusafiri mita 16 hewani. Jaribu kuimba huku sauti yako inatoka upande wa pili wa uwanja!

Njia ya kwanza ya kutibu ni rahisi. Visanduku vingi vina swichi iliyoandikwa DIRECT. Ikiwashwa, sauti ya mwimbaji inakwenda kwenye hedifoni kabla haijaingia kwenye kompyuta, na kuchelewa kunaisha. Mkifanya hivyo, zimeni kwenye programu ile sehemu ya kujisikiliza wakati wa kurekodi, au mtajisikia mara mbili. Njia nyingine ni kupunguza bafa mpaka mwanzo wa sauti kukatikakatika, kisha mrudi nyuma hatua moja. Kompyuta ya zamani haitashuka sana, msiilazimishe.

Kuna kuchelewa kwa aina ya pili ambako hata swichi hiyo haikuondoi. Mwimbaji ameimba sawasawa na gitaa, lakini mkisikiliza vyote pamoja, sauti iko nyuma. Ni programu iliyoiweka mahali pasipo pake. Jaribio lake linachukua dakika tano. Tengenezeni midundo ya tik-tik kwa programu yenyewe, shikeni hedifoni zikigusana na maiki, na mrekodi midundo hiyo ikitoka kwenye hedifoni. Kisha tazameni mistari miwili kwenye kioo. Midundo ikilingana, shukuruni. Isipolingana, pimeni tofauti. Katika mipangilio ya Audacity kuna namba ya kusahihisha, nayo huja ikiwa -130. Mkiona midundo mipya imechelewa kwa milisekunde 40, andikeni -170. Fanyeni jaribio tena. Halafu namba hiyo iandikwe kwenye kitabu cha kikundi, maana siku kompyuta itakapobadilishwa itabidi kuitafuta upya.

Hedifoni zitumike kila wakati wa kurekodi juu ya sauti nyingine. Spika ikiwa wazi, maiki itarekodi gitaa mara ya pili, na hamtaweza kulitoa.

NGURUMO YA STIMA

Mkisikia ngurumo nzito isiyobadilika, huo ni umeme wa ukutani, unaotikisika mara 50 kwa sekunde. Chomoeni chaja na mrekodi kwa betri ya kompyuta. Mara nyingi inaisha papo hapo. Isipoisha, tenganisheni waya wa maiki na waya za stima, zisilale pamoja sakafuni. Mahali palipo na soketi zisizo na waya wa ardhini, fundi wa stima aitwe kwa sababu ya usalama wa watu kwanza, rekodi baadaye.

KUTUNZA KILICHOREKODIWA

Sauti moja kwa 44,100 na biti 24 inakula karibu megabaiti 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika 5 wenye sauti sita zilizorekodiwa mbalimbali ni kama megabaiti 240. Flashi ya gigabaiti 16 inabeba nyimbo 60 hivi za aina hiyo. Faili ya Audacity inafunguka kwenye Audacity tu, kwa hivyo toeni pia nakala ya kila sauti peke yake katika WAV. MP3 ni ya kutumiana kwa simu. Imepunguzwa, na kilichopunguzwa hakirudi. Msiifanye ndiyo nakala ya kutunza.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamhesabu mwenye rekodi ya sauti kuwa yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Kikundi kinachopanga na kurekodi chenyewe kina msimamo mzuri, mradi kionyeshe. Kwa hivyo kila siku ya kurekodi katibu aandike tarehe, mahali, majina ya waimbaji na wapigaji, na aliyetunga. Nyimbo zinaweza kuandikishwa kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Nyimbo za mila zina sheria yake tangu mwaka 2016, na kabla ya sheria zina wenyewe. Wazee waulizwe kwanza. Zipo nyimbo za jando na za maombolezo ambazo hazikukusudiwa kusikilizwa na kila mtu, na ikiwa jibu ni hapana, maiki ibaki kwenye sanduku lake.

Tengenezeni nakala mbili za kila kitu. Moja ikae kwa katibu, ya pili ikae boma jingine kabisa, si chumba cha pili cha nyumba ile ile. Na kila baada ya miezi 6 zote mbili zifunguliwe na zisikilizwe mbele ya wanachama, kwa sababu flashi hufa kimya kimya.